Matoka Hayana Miguu

Murugi alikuwa ameapa mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili ni kwa ajili ya mwanamume mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa kanisani, siku alipoolewa na Wahome. Mara ya pili ilikuwa nje ya ofisi ya chifu, mbele ya wazee wa ukoo, Biblia mkononi, aliposema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba matoka ya mpakani hayajasogezwa hata kidole. "Kwani matoka yana miguu?" aliwauliza wazee, nao wakacheka. Kihara, shemeji yake, hakucheka.

Matoka ni yale mayungiyungi yenye tunguu kubwa ardhini, ambayo watu wa Wamagana hupanda mipakani tangu enzi za babu zao. Kuyang'oa ni kumwibia jirani, na pia ni kujitafutia laana, kwa hiyo hata mlevi huyaruka. Baba mkwe wake Murugi aliyapanda kwa mkono wake kati ya wanawe wawili, Wahome upande huu, Kihara upande ule, itoka moja kila baada ya hatua mbili, kutoka barabarani hadi kwenye chai. Na Alhamisi ya wiki hiyo mpima ardhi angekuja kusimika mawe ya mpaka papo hapo penye matoka, hati zitolewe, maneno yaishe. Murugi alikuwa ameingoja siku hiyo kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke.

Basi mashine, kwa ile tabia mbaya ya mashine, ikachagua kuharibika Jumatano.

Ilikuwa ni mashine ya kukaushia nguo, draya kama wote walivyoiita, iliyonunuliwa mitumba ikiwa bado na stika za Kizungu. Murugi aliwafulia wenye nyumba za wageni kule Mweiga na mjini Nyeri, na mwezi wa Julai huku hakuna jua la kukausha hata leso. Ukianika shuka Jumatatu, Alhamisi utaianua ikinuka kama kitambaa cha jikoni. Draya ndiyo iliyomlisha. Ilikuwa ya aina isiyotoa mvuke nje. Mvuke wa nguo hugeuka maji humo humo tumboni mwake, kisha pampu huyasukuma nje kwa mpira. Wahome, Mungu amlaze anapostahili, ndiye aliyeupitisha ule mpira ukutani, akauunganisha na paipu, akaifukia mwenyewe hadi huko chini penye nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Tangu hapo Murugi hakuwahi kuyafikiria tena yale maji.

Sasa taa nyekundu yenye picha ya tone iliwaka, mashine ikanyamaza, na shuka ndani zilikuwa moto na maji tele. Akaizima, akaiwasha. Ikazunguka dakika tano, taa ile ile. Akaipiga kofi. Haikusaidia.

Fundi Mukhtar alifika kutoka Majengo ya Nyeri saa tano, mfuko wa vyombo begani na kofia yake ya kufuma imelowa manyunyu.

"Hodi, Mama Ben. Mgonjwa ni nani?"

"Ni huyu. Ati amejaa maji! Niko na shuka arobaini na mbili hapa, Mukhtar, na wenyewe wanataka jioni."

"Pole. Chujio umesafisha?"

"Wewe, unaniuliza mimi chujio? Si uende umuulize padre kama amesali."

"Mapadre siwajui," alisema Mukhtar akipiga magoti. "Chujio nitaangalia."

Chujio lilikuwa safi. Akafungua kifuniko cha chini, akavuta ile sehemu inayopoza mvuke, akamulika tochi. Kisima kidogo cha chini kilikuwa kimejaa hadi juu, na boya lake limeelea kama inavyotakiwa. "Unaona? Hii boya ndiyo inasema maji imejaa. Haidanganyi. Kuna mafundi wangekata hii waya waiweke direct, taa izime, uwalipe, halafu wiki kesho uungue na nyumba." Akachota maji kwa kikombe, akatoa tope la nyuzi za nguo lililoganda kandokando. Wakajaribu. Taa. Akatoa kipimo chake cha umeme, akagusa huku na kule, akatega sikio. Pampu ilikuwa ikipata umeme wa kutosha na ikinguruma vizuri. Mwishowe akachomoa mpira pale ukutani, akautumbukiza kwenye ndoo, akawasha. Maji yakatoka kwa nguvu yakamrukia shati.

"Aii! Si ungeanza na ndoo?" Murugi akafoka. "Saa nzima umelala hapo chini!"

"Ningeanza na ndoo ungesema nimekuibia, nimekaa dakika mbili." Mukhtar akajipangusa. "Mashine ni mzima. Shida iko kwa paipu. Inaenda wapi?"

"Huko chini kwa nepia. Marehemu ndiye alichimba."

Mukhtar akasukuma waya mrefu ndani ya paipu hadi ukagoma. Akauwekea alama kwa kidole, akautoa, akaupima kwa hatua nje ya nyumba, kwenye manyunyu. Murugi akamfuata na panga na jembe. Kadiri walivyoteremka ndivyo alivyozidi kubaki nyuma, maana mahali pale hakupapenda. Palikuwa na kipande cha tambarare, upana wa hatua nne tu, kati ya nyumba yake na matoka. Na hapo ndipo aliposimama mwaka uliopita, mwezi wa Aprili, kumzuia Kagure asizikwe.

Kagure alikuwa mke wa Kihara. Waliolewa mwaka mmoja, yeye na Murugi, wakachuma chai pamoja, wakanyonyesheana watoto pasipo kuulizana. Kisha Kihara akapata kazi Isiolo, akaenda na mkewe miaka miwili. Waliporudi, Kihara akasimama mpakani siku nzima, akasema matoka yametembea. Kesi ikaenda kwa wazee. Wahome akaapa, na mkewe akaapa nyuma yake. Baada ya kiapo, Kagure alikuja jikoni kwa Murugi na chupa ya uji, wakanywa, ndipo akauliza polepole, "Murugi, kwani uliona kwa macho yako?"

"Niliona," alijibu Murugi.

Hakuwa ameona chochote. Miaka hiyo miwili aliishi Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri, chumba cha kupanga, akifulia watu kwa mashine yake ya kwanza, na Wamagana alikuja Jumapili tu. Aliapa kwa sababu mumewe alisema, na mke ataanzia wapi kumwambia mumewe kwamba hakuona? Kagure akachukua chupa yake akaenda zake. Hawakusemezana tena.

Wahome akafa kwa kiharusi. Siku za mwizi ni arobaini, husema watu, lakini wako wanaokufa siku ya thelathini na tisa. Mwaka uliofuata akafa Kagure, na Kihara akataka kumzika pale kwenye tambarare, maana shamba lake lililobaki lote ni mteremko wa chai. Akaleta wachimbaji. Murugi alijua, kama ajuavyo kila mtu milimani, kwamba kaburi lina nguvu kuliko hati: mzike mtu wako mahali, nani atakusogeza? Jembe lilikuwa limepigwa mara mbili tu alipofika akikimbia, akatanua mikono, akasema watamzika yeye kwanza. Chifu akaandika barua ya kusimamisha. Wiki mbili maiti ikangoja mochari. Mwishowe Kihara akamzika mkewe kwenye makaburi ya umma huko mjini, kati ya watu asiowajua, na kibao cha bati chenye nambari. Kisha akahamia Mweiga, akakodi shamba la viazi. Murugi hakwenda mazishini. Alijiambia analinda mali ya mwanawe.

"Ni hapa," alisema Mukhtar.

Murugi akafyeka nepia. Mukhtar akachimba, akifuata paipu, hadi jembe likagonga kitu kinachobonyea. Akaendelea kwa mikono. Kilichotoka kilikuwa tunguu kubwa kama kichwa cha mtoto, jeupe, limenona, na mizizi yake minene kama vidole imejisokota na kuingia mdomoni mwa paipu ikaujaza kabisa. Aliivuta, ikatoka shubiri mbili, bado ina maji ya uvuguvugu ya shuka za watu.

Mukhtar alikitazama kile kitu, kisha akamtazama Murugi, kisha akatazama kule yaliko matoka, hatua nne mbele.

"Pengine lilidondoka," alisema Murugi haraka. "Mtu alibeba likadondoka."

Mukhtar akapima hatua mbili kuelekea barabarani, akachimba. La pili likatoka. Akapima tena mbili. La tatu. Akainuka, akafumba jicho moja, akaangalia mstari: ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi hadi kwenye mti wa mukima ulioko kona ya barabara, ule ambao mzee, baba mkwe wake Murugi, aliupanda siku moja na matoka.

"Itoka haijipandi kwa laini, Mama Ben," alisema.

Murugi akakaa. Hakuchagua mahali, alikaa tu kwenye tope. Kichwani mambo yakaanza kujipanga moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Ile haraka ya Wahome ya kupanda nepia mwaka ule, ati ng'ombe wanataka lishe, na ng'ombe mwenyewe ni mmoja na amekonda! Alimtania, akacheka naye. Matoka yale ya kule mbele yaliyodumaa tangu hapo, akasema ni ukame. Wahome alihamisha aliyoyaona, akaacha machipukizi ardhini, akayafunika kwa nepia, kisha kwa ujinga wa mwizi akaleta paipu akayamwagilia maji ya uvuguvugu miaka yote hiyo. Na mkewe akasimama na Biblia akauliza kama matoka yana miguu.

"Mbwa wewe," alisema, na Mukhtar akajua si yeye anayetukanwa.

Kilichomuuma zaidi ni yale majembe mawili. Wachimbaji walipiga mara mbili tu. Angewaacha wapige mara kumi, wangeyakuta matunguu siku ile ile, na Kagure angelala hapa.

Akainuka. "Kata," alisema. "Kata yote, nitatupa kwa choo. Nitakulipa siku mbili."

"Hapana."

"Mukhtar!"

"Mama Ben, mimi ni mtu wa Majengo. Sina shamba hata la kupanda kitunguu, na wazee wangu wamelala makaburi ya Waislamu pale mjini, hakuna aliyegombania mpaka. Lakini nimezaliwa Nyeri. Paipu nitafungua. Itoka sikati." Akanawa mikono kwenye maji ya paipu yaliyoanza kutiririka. "Hiyo mpira nitakuwekea kwa jerikeni leo, ukaushe shuka zako. Hayo mengine si kazi ya fundi."

Alipoondoka, Murugi akampigia mwanawe Ben huko Nairobi. Ben alikuwa na ramani ya nyumba tayari, nyumba ya kujengwa papo hapo kwenye tambarare pindi hati itakapotoka.

"Mum, tupa hizo vitu. Nani atajua?"

"Mukhtar anajua."

"Huyo ni fundi tu! Kesho saa kumi imeisha. Mum, please, usituharibie."

"Na mimi najua, Ben."

"Wewe uliapa," alisema Ben. "Sasa utaenda kuwaambia nini, ati ulidanganya na Biblia?"

Murugi akakata simu. Neno lile lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililomtia uchungu, kwamba mwanawe alijua mahali pa kumshika. Shuka zilizunguka kwenye draya, jerikeni ikijaa tone kwa tone. Hata kukiri kwenyewe hakukuwa na uzuri wowote wa kujipongeza. Wanawake wa kanisani wangemsengenya hadi Pasaka, na wazee waliocheka naye ndio wangekuwa wa kwanza kumtemea mate. Kunyamaza kulikuwa rahisi: kuacha tu nepia iote. Lakini alijua pia kwamba kila shuka atakayokausha humo ndani, maji yake yangeenda kuyanywesha yale matunguu, na yeye angekuwa anayajua. Akampigia Kihara.

"Nani?"

"Ni mimi. Murugi."

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakivuna viazi.

"Matoka ya baba nimeyapata," alisema. "Yako mahali ulisema."

Kihara akajitenga na wale watu, sauti zao zikafifia. "Nitakuja kesho," alisema, akakata.

Alasiri hiyo, mbele ya kila aliyepita barabarani, Murugi aliyang'oa matoka ya Wahome moja moja kwa jembe lake na kuyarudisha kwenye mstari wa mzee. Phyllis, mwenyekiti wa wanawake kanisani, alisimama na mwavuli akauliza, "Mama Ben, unafanya nini na hiyo mvua?"

"Niliapa uongo, Phyllis. Narekebisha."

Phyllis akaenda kwa kasi ya mtu mwenye habari.

Asubuhi mpima ardhi alikuja na vyombo vyake na wazee wawili. Murugi akawaonyesha paipu, mizizi, shimo. Akasema yote, pamoja na habari ya Ruring'u. Mzee mmoja aliguna, akasema kwamba yeye daima alikuwa na shaka, na Murugi akakumbuka jinsi alivyocheka siku ile hadi akakohoa. Kihara alikuja na makoti mawili, moja juu ya jingine, akiwa amezeeka zaidi kwa mwaka mmoja kuliko alivyozeeka kwa kumi iliyotangulia. Hakumsalimu. Mawe yakasimikwa kwenye mstari wa zamani, watu wakatia sahihi, mpima akafungasha akaenda na wazee wakamfuata.

Kihara akabaki. Akatembea kwenye tambarare yake huku na kule, akikanyaga mabua ya nepia.

"Siku ile ulisimama wapi?" aliuliza.

"Kihara..."

"Nionyeshe tu."

Murugi akavuka matoka, akaenda akasimama. Hakuhitaji kupatafuta. Kihara akaja akasimama mbele yake, mahali walipokuwa wachimbaji, akamtazama kuanzia miguuni.

"Tanua mikono."

Akatanua, akailazimisha mikono isishuke.

"Kumbe ulikuwa kwangu," alisema Kihara. "Siku hiyo yote nilidhani labda mimi ndiye nimekosea mahali. Nilipima kwa kichwa nikirudi na jeneza mochari. Nikasema, Kihara, pengine Isiolo ilikuharibu macho. Nikamzika huko nikiwa sina hakika. Unajua ni kitu gani kumzika mtu ukiwa huna hakika?"

"Tumlete nyumbani," Murugi akasema, na machozi yakamtoka bila kuyafuta kwa kuwa mikono bado alikuwa ameitanua. "Nitalipa yote. Nitaenda kwa chifu mwenyewe, tuombe kibali, tumfukue, tumlete hapa. Hapa hapa, Kihara. Alikuwa rafiki yangu."

Kihara akatikisa kichwa. "Ulimkataza kuingia hapa. Huko aliko amelala. Sasa wewe tena ndiye utaamua aamshwe?" Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Alikuuliza mara moja tu, jikoni kwako. Alirudi akaniambia, Murugi ameona, basi tuache. Alikuamini. Mimi ndiye sikukuamini."

Manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Shusha mikono," alisema Kihara. "Na utoke shambani kwangu, Mama Ben."

Miaka yote hakuwahi kumwita Mama Ben. Alimwita Murugi, kama mkewe alivyomwita. Murugi akashusha mikono, akayaruka matoka, akapanda kuelekea nyumbani. Alipogeuka mlangoni, Kihara alikuwa ameshaziba mdomo wa paipu kwa jiwe na udongo, akiukanyaga kwa kisigino.

Ndani, draya ilikuwa imesimama na taa ya tone imewaka. Jerikeni ilikuwa imejaa pomoni, lita ishirini. Akaichomoa, akaibeba kwa mikono miwili hadi upande wake wa shamba, akaimwaga, akarudi kuwasha mashine.